Mume Wangu Alipokuwa Nabii Mahona

Kama umewahi kuamka alfajiri popote katika mkoa wa Simiyu, unamjua Nabii Boniventura Mahona, hata kama hukuwa na haja ya kumjua. Sauti yake nzito hutoka Redio Nguzo ya Moto, hupita madukani Somanda, hupita kwenye mashamba ya pamba, na huingia chumbani kwako hujavaa. "Wapendwa, sogeeni," husema, na watu husogea. Mama yangu husogea mpaka sikio linaigusa redio.

Basi kamati ya Nabii ikakaa, ikaona kwamba mtu mkubwa kiasi hicho hawezi kuendelea kuishi bila filamu ya maisha yake. Wakamleta mwongozaji kutoka Dar es Salaam, kijana anayeitwa Marcelo, mwenye miwani ya jua ambayo haivui hata akiwa ndani ya nyumba. Marcelo alitafuta mwigizaji mkuu Mwanza akakosa, akatafuta Shinyanga akakosa, mwisho akampata hapa hapa Bariadi, kwenye harusi ya watu, ameshika kipaza sauti na ukumbi mzima umeshika mbavu. Huyo alikuwa Mayunga, mume wangu.

Nitamsema Mayunga kwa haki. Kwenye kusherehesha harusi hana mpinzani, na kipaji cha kuiga watu anacho cha kugawa. Shida ni kwamba anakitumia saa zote. Ukimwambia sukari imekwisha, anakuigiza wewe unavyosema sukari imekwisha. Ukimwambia mtoto ana homa, anakuwa daktari mwenye pua iliyoziba. Nilicheka naye kwa muda mrefu sana, halafu siku moja nikiwa kwenye cherehani yangu nikajiuliza ni lini nilimwambia jambo likamwingia. Nikaogopa.

Mama aliyaona hayo kabla yangu. Anaitwa Ng'washi, ni mjane, yuko Ipililo na pamba yake na ng'ombe wake. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawalali nyumba moja, hawagusani hata vidole, na mwenye neno lake analipitisha kwa mtu wa tatu. Ni heshima, na mimi siipingi, ila mtu wa tatu nilikuwa mimi. Mama akisema, "Mwambie mumeo ameniudhi," nampelekea Mayunga. Mayunga anamwigiza mama kwa ile sauti anayoisikia nyuma ya ukuta, mimi nacheka bila kutaka, na ujumbe unaishia hapo.

Mwaka huu mama akachoka. Alikaa na mjomba wangu Luhende, wakakubaliana kwamba pamba ikishatoka shambani watarudisha ng'ombe wa mahari, nami nirudi Ipililo na mwanangu Martha. Akanipigia simu.

"Ng'wanawane, mwanangu, ng'ombe tumeshawatenga. Unasemaje?"

Sikusema ndiyo. Wala sikusema hapana, na kwa mama yangu hilo lilitosha kuendelea na mipango. Mayunga hakujua lolote. Alikuwa ana kazi ya kuwa Nabii.

Kazi hiyo ilianzia saluni kwa Jenifer, jirani na stendi, ambako maharusi wa Bariadi hugeuzwa kuwa watu ambao hata bwana harusi huwatazama mara mbili. Jenifer aliagiziwa pua ya mpira, upara wa mpira, mashavu, na gundi ambayo Marcelo aliapa kwamba haiachii hata kwa jasho la Simiyu. Mfano alioutumia ni picha ya Nabii kwenye kalenda, ile iliyoko kila jikoni. Sasa, picha ile ilishapita studio. Kovu lilifutwa, mifuko ya chini ya macho ikafutwa, paji la uso likawekwa mng'ao. Jenifer hakumtengeneza Nabii aliyezaliwa na mwanamke, alimtengeneza Nabii wa kalenda.

Kitambi nilishona mimi. Nilishona mfuko mkubwa wa kitambaa cha shuka, nikaujaza pamba, nikautia mikanda ya kufungia mgongoni. Kamati ilikuja kukikagua. Mzee mmoja akasema kipunguzwe kwa sababu Nabii hufunga na kuomba. Mwingine akasema kiongezwe kwa sababu Nabii amebarikiwa. Walibishana mpaka wakasahau chai yao, kisha wakaamua kiongezwe kwenye matukio ya miujiza na kipunguzwe kwenye matukio ya mfungo, na hadithi yenyewe ina mifungo mingi, kwa hiyo nilishona vitatu, kimoja cha miujiza na viwili vya mfungo.

Maisha yenyewe nayo yalifanyiwa saluni. Nabii alizaliwa Binza, nyuma ya duka la baba yake, na duka lipo mpaka leo. Kwenye filamu alizaliwa kwenye kibanda kisicho na paa, mvua inanyesha. Mke wake wa kwanza aliondolewa, na mahali pake pakawekwa upepo mkali.

Siku moja Nabii mwenyewe alikuja kukagua. Mayunga alikuwa amesimama mlangoni pa saluni, amekamilika, suti nyeupe, kitambi cha miujiza. Gari likasimama, walinzi wakaruka chini, wakaenda moja kwa moja kumpigia Mayunga saluti. Mzee wa kamati akamshika mkono akauinamia. Nabii Boniventura Mahona akabaki peke yake kando ya gari, ameshika mkoba wake, mfupi, mwembamba, kovu lake usoni. Alimtazama Mayunga kuanzia upara mpaka kitambi. Halafu alimwita Jenifer pembeni akamuuliza anatumia mafuta gani.

Tangu siku hiyo Mayunga hakuvua tena. Marcelo alimwambia kwamba mwigizaji mkubwa haigizi, anaishi ndani ya mtu, na kwamba wenzake wa nje ya nchi hukaa hivyo miezi na ndiyo maana wanapata tuzo. Mume wangu akalala chali ili pua isiharibike. Aliombea ugali mpaka ukapoa. Nikimpakulia mchicha anafumba macho, anasema, "Dada mpendwa, chumvi imepungua katika roho ya mboga hii."

"Nenda kanawe," nikamwambia.

"Anayenawa ni mwili, dada mpendwa."

Martha akawa anakula kwa jirani. Jirani naye alipogundua kwamba Nabii yuko kwetu alikuja kuombewa mguu, na Mayunga akamwombea, mkono juu, sauti inatetemesha bati. Nilimtazama nikaona huyu mtu anafurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Ndani ya uso ule hakuna aliyemdai lolote. Hakuwa mume wa mtu wala baba wa mtu, alikuwa sauti tu, na watu walimjibu amina.

Ikaja siku ya tukio kubwa, maombezi ya uwanjani kule Nyakabindi. Marcelo alitaka umati wa waumini wa kweli, maana alisema uso wa mwenye shida hauigiziki. Kamati ikatangaza redioni kwamba Nabii atakuwepo Nyakabindi kurekodi filamu, wenye shida waje. Haikusema ni Nabii yupi, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Jioni hiyo simu yangu ikaita.

"Kesho nakuja," mama akasema. "Nitamuuliza Nabii mwenyewe. Akisema urudi nyumbani, unarudi. Akisema ubaki, unabaki, na Luhende atawarudisha ng'ombe zizini."

"Mayu, hiyo ni filamu tu."

"Kwani Nabii hatakuwepo?"

Hapo ndipo ningesema. Lakini tangu mwanzo nilikuwa nimemficha kwamba Mayunga ndiye anayeigiza, kwa maana nilijua atakavyoichukua: watu wamemtosha, sasa anamchezea Mungu. Nikasema, "Atakuwepo." Nikakata simu, nikaenda chumbani nimwambie Mayunga. Alikuwa amekaa kitandani na kioo, anafanya mazoezi ya kulia bila kukunja paji la uso. Nikafunga mlango taratibu nikarudi jikoni. Nilikuwa na hasira, na zaidi ya hasira nilitaka nisikie mwenyewe atamjibu nini.

Kesho yake uwanja ulijaa. Mayunga aliwekwa kwenye kiti kirefu chini ya turubai, kamera mbili mbele yake. Mimi niliwekwa nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kiti chake, na sindano, kwa sababu kitambi kilikuwa na tabia ya kuachia mshono. Marcelo alitoa amri kwamba kamera zisizimwe, kila mtu apige magoti, aseme shida yake, aombewe, apishe mwingine, na anayepiga kelele nyuma ya pazia atafukuzwa.

Wakaanza kupita. Mwanamume kutoka Lagangabilili aliomba Mungu aihamishe ofisi mpya ya serikali, kwa sababu imejengwa mbele ya baa yake na wateja wanaona aibu kuingia. Mama mmoja wa Lamadi, mwuza samaki, aliomba dagaa wapande bei kwake na washuke bei kwa wenzake. Mayunga aliwapokea wote. Alikuwa mzuri jamani, siwezi kukataa. Hata mimi niliyekishona kitambi kile nilianza kukiheshimu.

Kisha nikaona kitenge cha mama.

Alikuja ameinama, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Akapiga magoti mbali kidogo kuliko wengine. Mayunga hakumtambua, angemtambuaje mtu ambaye hajawahi kumtazama? Akanyoosha mkono amwekee kichwani.

"Usiniguse, Nabii," mama akasema. "Nina mafua."

Mkono ukaganda hewani. Sauti ile aliijua. Ndiyo aliyokuwa akiniigizia jikoni siku zote. Nikauona mgongo wake unanyooka polepole, na mkono ukarudi ukatua juu ya kitambi.

"Sema, mama," akasema kwa sauti ya Nabii, ila ilikuwa imepungua.

"Nina mkwe," mama akasema, macho chini. "Si mlevi. Hampigi binti yangu. Watu wananiambia nina bahati, mkwe wako anachekesha. Siku tulipomzika mume wangu alifika watu wakiwa wanakula. Akaanza kuwachekesha. Mimi nilikuwa ndani na wajane wenzangu, nasikia kicheko uani, na udongo wa mume wangu bado mbichi. Nikasema labda ndivyo anavyolia yeye. Nikamsamehe."

Hata yule mwenye baa alikuwa amerudi kusikiliza.

"Halafu mjukuu wangu akalazwa. Binti yangu alilala kwenye kiti. Yule bwana alikuja mara moja, akawachekesha manesi. Mimi nilikuwa nje ya wodi, maana yeye akiwa ndani mimi siwezi kuingia. Nikangoja. Nikasema akitoka atapita kwa binti yangu, atamwachia neno, hata moja, nami nitaliokota. Alitoka anapiga mluzi."

Akakivuta kitambaa chini zaidi.

"Sina ubaya naye, Nabii. Ila binti yangu anaishi na mtu ambaye hayupo nyumbani hata akiwa amekaa mezani. Ng'ombe wa mahari nimeshawatenga niwarudishe. Nimeleta swali moja tu. Nimchukue mtoto wangu, au nimwache?"

Marcelo alikuwa anawapungia wapiga kamera mkono wasithubutu kuacha. Mimi nilikuwa nimejichoma sindano na sikujua. Nilijua alichokuwa nacho Mayunga mdomoni wakati ule. Sentensi moja tu kwa sauti ile: mama, mkwe wako amechaguliwa na Mungu, nenda kawafungulie ng'ombe. Mama yangu hupanda mbegu siku ambayo sauti ile imesema apande. Asingelitaja tena jambo hilo mpaka kufa. Nilitaka aseme, niwe na amani. Na papo hapo nikajua kwamba akisema, nitamvua kitambi chake, nitakikunja vizuri, na nitaondoka mwenyewe bila kusubiri ng'ombe wa mtu.

Akafungua mdomo. Sauti ya Nabii haikuja. Akakohoa, akajaribu tena, haikuja. Halafu nikaona mabega yanatikisika, na si kama kwenye kioo, maana paji la uso lilikunjamana lote na upara ukafanya mikunjo. Gundi ya Jenifer ilikuwa imeandaliwa kwa jasho, machozi haikuyapangia. Pua ikaanza kuteleza. Akaishika kwa vidole viwili, akabaki ameishika hivyo hivyo.

"Mama," akasema, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ambayo hata mimi siisikii mara nyingi. "Mkwe wako amesikia."

"Basi?" mama akauliza.

"Amesikia. Sina lingine."

Mama akainuka taratibu, akashika magoti yake. "Wabeja, Nabii," akashukuru, akarudi kinyumenyume kidogo, akapotea kwenye umati.

Marcelo alivua miwani kwa mara ya kwanza tangu afike Simiyu. Alikuwa analia. Alimkumbatia Mayunga mpaka mshono wa kitambi ukaachia kweli, akasema maisha yake yote hajaona uigizaji wa namna ile. Baadaye kamati ililipitisha tukio lile bila kubadilisha hata neno, wakaongezea kwaya kwa nyuma, likaitwa Nabii Aililia Ndoa. Nabii Mahona alipoliona alivutiwa mno, na sasa kila Alhamisi hewani, akifika kwenye maombi ya familia, hulia mahali pale pale. Filamu ilipoonyeshwa Bariadi nilikaa na Mayunga safu ya katikati. Wanawake wa mbele yetu walikuwa wanaguna, "Mkwe gani huyo, angekuwa wangu ningemrudishia ng'ombe wake asubuhi." Mayunga aliinamisha kichwa, hakuwaigiza.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile alirudi nyumbani bila uso wa mtu. Ngozi ilikuwa nyekundu kwa gundi, nyusi moja nusu imeng'oka. Akakaa kwenye kigoda changu karibu na cherehani.

"Martha alilazwa wodi ipi?" akauliza.

Nikamwambia.

"Kitanda cha wapi?"

"Cha karibu na dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa halifungi. Nililiziba kwa kanga."

Nilingoja aigize dirisha. Hakuigiza. Akauliza ni kanga gani, nikamwambia, na kutoka hapo nikamwambia mengine, na mengine, mpaka nikaanza kulia kwa hasira, nikamtukana, nikamwambia na habari ya ng'ombe. Alikaa pale pale. Sikumsamehe usiku ule, nisije nikasema uongo. Lakini nililala nikiwa nimechoka kwa namna nzuri.

Asubuhi nikaenda stendi kumsindikiza mama, ambaye alikuwa amelala kwa shangazi. Nilimkuta ameshakata tiketi ya basi dogo la Maswa, amekaa juu ya mfuko wake. Dhamiri ilikuwa inanichoma kuliko ile sindano.

"Mayu, nimekuficha jambo. Yule wa jana hakuwa Nabii."

"Najua."

"Alikuwa Mayunga."

"Ng'wanawane, Ipililo nzima inajua kwamba mumeo anaigiza Nabii. Ulidhani habari zinakungoja wewe?"

Nikamtazama. Alikuwa anafunga vizuri mdomo wa mfuko wake.

"Sasa ulikuja kufanya nini? Kama ulimtaka Nabii, si ungemwandikia yule wa kweli?"

"Yule wa redioni? Yule anaongea tu. Umewahi kuona redio inasikiliza?" Akajifunika kitenge vizuri. "Tangu akuoe nina maneno hapa kifuani. Kumtazama siwezi, kumwita siwezi. Nikikutuma wewe, unarudi unacheka. Nikasikia amevaa sura ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine mimi si mama mkwe wake. Nikaja."

"Na kama angekwambia, kwa ile sauti, kwamba Mungu amesema uniache?"

"Ningekuchukua jana ile ile. Luhende alikuwa nyuma ya uwanja na bajaji, ananingoja." Akasema bila kupandisha sauti. "Mtu atakayenidanganya kwa jina la Mungu nami nimempigia magoti, simwachii mtoto wangu. Alisema amesikia. Basi tuone."

Nikakaa chini karibu naye, pale pale stendi, nikaegemeza kichwa begani kwake. Kondakta akaanza kuita watu wa Maswa. Mama akasimama, akanipa mfuko nimpandishie.

"Nimwambie kwamba ulijua?" nikamuuliza.

Akageuka akanitazama kwa mshangao wa kweli, mguu mmoja ukiwa tayari mlangoni.

"Unataka watu wasikie kwamba nimeongea na mkwe wangu?" akasema. "Mimi jana niliongea na Nabii."